Nikumbushe Baadaye

Saa mbili usiku, Tandika.
Shata nimeiteremsha nusu
ili mpita njia ajue nimefunga
na mwenye shida kweli ainame, apite.

Mashine inaniuliza tena,
kwa adabu, kama mpangaji mgeni:
Mfumo huu umezeeka. Tuuhuishe sasa?
Chini yake vitufe viwili,
na miaka minne nimebofya kimoja tu:
Nikumbushe baadaye.

Nalijua neno hilo.
Limejaa daftarini mwangu kwa wino mwekundu:
Mama Kuruthumu, fotokopi ishirini, baadaye.
Mwalimu Nyoni, kadi za mahafali, baadaye.
Kumbe na mimi nina daftari mahali,
nimo humo, nadaiwa.

Gervas fundi alikuja Jumatano,
akaipasua tumbo, akapuliza vumbi, akakohoa.
"Inabeba," akasema, "ila itahema.
Uiongezee kumbukumbu, uibadilishie diski.
Laki na ishirini. Ya kwangu utajua mwenyewe."
Utajua mwenyewe!
Dar nzima hakuna bei ghali kuliko hiyo.

Na printa je?
Akaitazama kama daktari
anayetafuta ndugu wa mgonjwa.
"Hii mfumo mpya hautaisalimia."

Printa yangu, inayovuta karatasi mbili mbili masika,
iliyotoa hati za viwanja vya Chanika kwa nusu ya mtaa,
talaka za watu watatu
na kadi za harusi za mmoja wao.
Lazima uizabe kofi dogo ubavu wa kushoto ndipo ikubali.
Kwenye kibodi herufi E imefutika,
kidole kinaijua njia.

Lakini Ijumaa alikuja kijana, Hamfrey,
flashi ameifunga uzi shingoni,
maombi ya kazi bandarini, mwisho saa kumi.
Nikafungua. Visanduku.
Ukurasa mzima wa visanduku vitupu,
safu kwa safu, kama kreti zinazosubiri gari la soda.
Jina lake kisanduku. Shule yake kisanduku.
Namba ya simu ya mdhamini, visanduku kumi.
Hakunilaumu. Alisema, "Ahsante, dada,"
akavuka barabara kwa Lusajo mwenye skrini bapa,
na mia tano yangu ikavuka naye.

Jioni ile niliigeuza mashine, sijui natafuta nini.
Mgongoni, chini ya vumbi, stika:
maneno ya lugha nisiyoijua,
na namba 14. Labda chumba. Labda darasa.
Mtu mmoja huko kwenye baridi aliulizwa swali hili hili.
Hakubofya baadaye.
Akaitoa nje mlangoni,
ikaja na kontena mpaka Kariakoo,
mimi nikailipia kwa pesa ya mchezo
na njia nzima nimeipakata kama mtoto wa homa.
Nilikuwa nashangilia kitu
ambacho wenzangu walishakichoka.
Sijui hilo linanifundisha nini.
Nimelifikiria siku tatu, sijapata.

Leo nimenakili kila kitu, flashi mbili:
moja kwenye pochi, moja ndani ya kopo la chumvi nyumbani.
Folda ya kikoba. Folda ya mikataba.
Na ile isiyo na jina,
ambayo sijaifungua tangu nihame Yombo
wala sitaifungua,
nayo nimeinakili.
Printa nimeifunika kanga. Plagi sijachomoa.

Gervas ameandika kwenye simu:
usizime, usiguse, saa tatu mpaka nne.
Natazama Luku: sifuri nukta nne.

Mshale umesimama katikati ya vitufe viwili
kama mtu aliyesahau kilichomwingiza chumbani.
Nauacha hapo hapo.
Nachomoa noti ya elfu tano, navaa kandambili,
nainama chini ya shata.
Kwa Mangi taa bado inawaka.
Naenda kununua umeme.